Baba na Mbwa Msimulizi

Jana binti yangu kasitisha kusoma katikati ya ukurasa. "Mama, huyu mbwa kajuaje kusoma saa?" Kitabu chenyewe ni kati ya vile ambavyo mbwa anajisimulia maisha yake: anapotea, anateseka kidogo, mwishowe anawapata watu wake na msomaji anatafuta leso. Nikacheka, nikamkumbuka baba.

Siku hizo nilikuwa likizo, na kitabu cha kuazima cha aina hiyohiyo. Mbwa wa humo, baada ya kutangatanga sana, anauona kwa mbali mpira mwekundu majanini, na hapo anajua kafika nyumbani. Nilimsomea baba kipande hicho huku sauti ikinikauka. Hakuinua hata macho.

"Mbwa haoni nyekundu."

Buluu anaiona, na manjano pia, akasema. Nyekundu kwake ni kitu cha kahawia kilichofifia tu. Nikabisha. Baba hakuwa mtu wa kubishiwa akanyamaza, basi akachukua mpira mwekundu wa mdogo wangu, akatuamuru tumzuie Tomi, mbwa wetu, nyuma ya nyumba, akaenda kuulaza kwenye majani.

Tukamwachia. Tomi akatoka mbio, akaupita mpira pembeni kabisa, macho mbele, kana kwamba haupo. Akasimama. Kichwa kikashuka. Pua ikaanza kucheza, vile vipasuko vya pembeni vikifunguka na kufumba, mkia umekaza. Akapiga chafya. Akageuka kuufuata upepo unakotoka, akizungukazunguka, mizunguko ikipungua, hadi akaugusa mpira kwa ncha ya pua, akatulia kidogo, ndipo akauchukua. Baba alinyoosha mkono. Tomi akampita, akaupeleka kwa mdogo wangu, aliyeushika tangu asubuhi.

"Umeona?" Baba alifurahi kupita kiasi. Mbwa ana hadi vipokezi milioni 300 vya harufu, sisi tuna milioni 6 hivi, na mwandishi wako anamwonyesha rangi! "Huyo ni mtu kavaa ngozi ya mbwa."

Nilinuna. Baadaye nilikuja kujua kwamba Cervantes, mwandishi wa Kihispania, alishawapa mbwa wawili maneno tangu 1613, wakapiga soga usiku kucha, kwa hiyo udanganyifu huu ni wa kale. Nami sijui kama ni kasoro. Pengine tunawaazima mbwa macho yetu ili kuwe na mtu wa kututazama tunavyotamani kutazamwa. Ila kusema kweli, ule mpira ungekuwa na harufu ya mtoto badala ya rangi, ningelia zaidi.

Siku ya kukirudisha kitabu nilikitafuta nikakikosa. Nikakikuta chumbani kwa baba, miwani yake imebanwa karibu na mwisho, mbali kabisa na pale nilipoishia mimi.

"Natafuta makosa mengine," akasema.

"Umepata mangapi?"

"Niliacha kuhesabu alipoanza kuzeeka."