Nani anashika ufunguo wa kabati la dawa?

Kijana akiruhusiwa kutoka wodi ya wagonjwa wa akili, Mathari jijini Nairobi au kwingine, mara nyingi ametulia tu, hajapona. Hapo katikati ndipo nyumba ya kupona, anakokaa kwa muda kabla ya kurudi kwao, inapofanya kazi yake, na kazi hiyo huharibika nyumba ikigeuka wodi ya pili: mhudumu anashika ufunguo wa kabati la dawa miezi yote, kijana anapanga foleni, anameza, anaondoka. Humo ndani kila kitu ni shwari. Akirudi kwao Kayole au Kangemi, siku ya nne dawa zimeshasahaulika.

Ufunguo ukabidhiwe polepole. Wiki mbili za kwanza mhudumu atoe dawa mwenyewe, akitaja jina la kila kidonge na kazi yake. Kisha kila Jumapili kijana ajaze kisanduku cha siku saba, mhudumu akitazama bila kumshikia mkono. Baadaye kisanduku kikae chumbani kwake, vidonge vihesabiwe bila kumpa taarifa. Vikizidi, asigombezwe, aulizwe. Mara nyingi utasikia kwamba vinamlaza mpaka saa nne asubuhi, au vimemnenepesha, na hayo daktari anaweza kuyarekebisha. Benzhexol, ambayo wengi wanaiita Artane, ibaki kwenye kabati hadi mwisho na ihesabiwe kila siku, kwa sababu wapo vijana wanaoitumia kulewa.

Hiyo Artane ina sababu yake: hutolewa kupunguza madhara ya dawa za akili kama haloperidol. Anayeanza haloperidol anaweza ghafla kupinda shingo upande mmoja, taya likakaza, macho yakapanda juu yasishuke. Jamaa wakiona hivyo huanza kukemea mapepo. Si mapepo, ni haloperidol. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Akidungwa sindano inayofaa, kwa kawaida hufunguka upesi.

Klozapini, dawa nyingine ya akili, ndiyo inayotutia hofu zaidi, ingawa imewainua vijana ambao dawa nyingine zote ziliwashinda. Damu hupimwa kila wiki kwa wiki 18 za kwanza, kwa kuwa dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Homa au koo kuuma si jambo la kusubiri kesho. Choo pia kiulizwe kila siku, hata kama kijana anaona haya, maana dawa hii hufunga tumbo kiasi cha kuua.

Sasa tazama wikendi ya nyumbani. Dozi ya mwisho amemeza Alhamisi usiku, Ijumaa mchana amepanda matatu, dawa zimebaki kabatini. Jumapili jioni anarudi na mhudumu wa zamu anampa miligramu 300 zake kama kawaida. Hilo ni kosa kubwa. Zikipita saa 48 bila klozapini, mwili umeshapoteza mazoea ya dawa hiyo: presha inaweza kuporomoka, akazirai au akapata degedege. Daktari apigiwe simu kwanza; kwa kawaida huanzia tena miligramu 12.5 na kupanda taratibu. Kwa hiyo begi la wikendi lipakiwe mezani, kijana na mhudumu pamoja, dozi za siku zote na akiba ya siku moja, na mama apewe karatasi yenye majina ya dawa, saa zake na namba ya kliniki.

Kwenye karatasi hiyo iandikwe pia: akikesha usiku mbili mfululizo, piga simu, usingoje ya tatu.