Siti Alikaa Wapi?

Mwaka 2022 nilikuwa natembeza wageni kwa baskeli za umeme hapa Mjini Unguja. Ziara yenyewe ilikuwa ya urithi wa muziki, na tajiri wangu aliipanga akiwafikiria wageni wa Ulaya: tunaanzia Vuga, tunapita Shangani, tunashuka Forodhani, tunaambaa na Mizingani hadi Malindi, kisha tunarudi. Yote ndani ya Mji Mkongwe. Barabara ya Darajani, inayoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, hatukuivuka, wala hakuna mgeni aliyeuliza kwa nini, mpaka Jumamosi moja alasiri walipokuja watu watatu kutoka Tanga: mwalimu mstaafu, binti yake, na mkwewe.

Nilimwamkia mwalimu, akaitikia marahaba, kisha akaanza kuizunguka baskeli yake kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Akaminya tairi. Akainyanyua kidogo upande wa nyuma, akaiacha.

"Nzito hii, kijana."

Ni nzito kweli. Zile zetu zilikaribia kilo 25, kwa sababu ya betri na mota. Nikamweleza ninavyowaeleza wote: mota haikubebi, inakusaidia tu. Usipokanyaga, nayo haifanyi kazi. Ukishika breki, inakata. Ndani ya vichochoro weka nguvu ya mota namba moja, maana ukiwa na namba kubwa ukikanyaga kidogo tu inakurusha mbele, na mbele kuna kona, na nyuma ya kona kuna mama mwenye kapu au kijana mwenye vespa. Kila kona piga kengele au sema hodi hodi.

Usiku uliotangulia umeme ulikatika, kwa hiyo betri moja haikujaa. Mkwe akajitolea kuichukua hiyo, kwa kuwa ndiye mwenye miguu. Binti alikuwa na baibui, akalikunja akalibana vizuri, akawa wa kwanza kuondoka.

Vuga tulisimama mbele ya nyumba ya Culture Musical Club. Nikawaambia kwamba kilabu hiki kilianzishwa mwaka 1958 na kwamba ni moja ya okestra kubwa za taarabu hapa kwetu: fidla, kanuni, udi, akodiani, besi na waimbaji. Mwalimu akautazama mlango uliofungwa.

"Wanapiga saa ngapi?"

"Mazoezi ni usiku, mwalimu."

Hakusema kitu, ila niliona amelitia akilini.

Shangani hatukukaa. Pale kwenye nyumba ya kumbukumbu ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, Barabara ya Kenyatta, wageni wa Ulaya huwa hawabanduki. Kuna waliotokwa na machozi mbele yangu. Nikaeleza kwa kifupi: jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule India, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Mkwe akapiga picha, binti akamwambia asimame vizuri, basi. Mwalimu alikuwa anasoma tangazo la duka la jirani.

Forodhani ndipo alipochangamka. Jengo la Beit el-Ajaib lilikuwa limezungushiwa uzio, maana sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, lakini hadithi yake haihitaji jengo kusimama. Ni Sultani Barghash aliyelijenga, yule aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na kwa masimulizi yetu ndiye aliyetaka muziki wa Misri usikike kwenye kasri lake. Akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni. Kila nikifika hapo huwaambia wageni waifikirie kanuni yenyewe: ubao wa pembe nne usio sawa, unawekwa magotini au mezani, una nyuzi zaidi ya 70, nyuzi tatu tatu kwa sauti moja, na mpigaji anavaa vidude vya kudonolea kwenye vidole viwili vya shahada. Kuzilinganisha nyuzi zake peke yake ni kazi ya nusu jioni. Chombo cha namna hiyo mtu hakichukui Cairo kwa kupita. Lazima akae, atumwe, alipiwe.

"Kwa hiyo taarabu ilianza na mwenye pesa," mwalimu alisema.

Nikamjibu ndivyo.

Mizingani tulikwenda namba tatu, upepo wa bahari usoni, tukalipita jengo la Forodha Kongwe ambako mwaka 2002 kilifunguliwa chuo cha muziki cha nchi za majahazi, na sasa hivi kijana wa Unguja akitaka kujua udi au kanuni hahitaji tena kutumwa na sultani. Malindi nikawapeleka kwenye habari za Ikhwani Safaa, kilabu cha tangu 1905, kikongwe kuliko vyote. Hapo mwalimu akashuka kabisa kwenye baskeli. Alikuwa na heshima zake kwa Ikhwani, lakini hakukubali Tanga ipitwe bila kutajwa. Akatueleza, sauti imepanda, jinsi vilabu vya kwao, Black Star na Lucky Star, vilivyoitoa taarabu kwenye viti na kuitia gitaa la umeme, na jinsi Shakila alivyoimba. Mkwe akanikonyeza: haya ameshayasikia. Mimi nilifurahi, maana wageni wangu wengi hawabishani nami, na ziara isiyo na ubishi inachosha.

Kisha akanigeukia.

"Siti umemwacha wapi?"

Nikamweleza niliyozoea kueleza. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa kijiji cha Fumba karibu mwaka 1880, jina lake la utotoni Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, naye Siti akivitembeza mjini kuviuza, akiimba ili watu watoke milangoni. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950.

"Hayo nayajua, mwanangu. Shaaban Robert ni wa kwetu, na ndiye aliyemwandikia wasifu. Nauliza, alikaa wapi? Nyumba yake, mtaa wake."

"Ng'ambo."

"Na Ng'ambo tunakwenda saa ngapi?"

Sikuwa na jibu la saa. Ziara ilikuwa imekwisha. Lakini nilijiuliza swali ambalo labda nilikuwa nalikwepa: mimi mwenyewe ni mtoto wa Miembeni, nimezaliwa na kulelewa Ng'ambo, nafanya kazi gani ya kueleza muziki wa Unguja huku nimeupa mgongo mtaa ulioutia Kiswahili? Kasri lilisikiliza kwa Kiarabu. Siti na wenzake akina Maalim Shaaban, Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruku waliimba habari za watu wa mitaa ile, kesi za mahakamani, hakimu aliyependelea, mwanamke aliyeuawa na haki yake isipatikane. Jioni watu walikuwa wakikusanyika kumsikiliza. Ukimwondoa huyo bibi, unabaki na bendi ya sultani na mlango uliofungwa.

"Twendeni sasa hivi," nikasema.

Darajani siku ya Jumamosi haipitiki kwa kupanda. Tulizikokota baskeli katikati ya mafungu ya ndizi na makuli wa mikokoteni, hodi hodi mpaka ng'ambo ya barabara, ndipo tukapanda tena kuelekea Michenzani. Huko barabara ni pana. Mwalimu akaweka namba tano bila kuniuliza, akatuacha, akapita chini ya yale majumba marefu akiwa amekaa wima kama yuko gwarideni. Binti akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Tulipomkuta Raha Leo, nikamwonyesha ilikoanzia Sauti ya Unguja mwaka 1951. Wengi wakisikia redio ile hukumbuka Januari 1964 na sauti ya John Okello akitangaza Mapinduzi, na ni haki yao. Mimi nakumbuka sebule ya bibi yangu. Redio ndiyo iliyowafungulia watu ile milango ya vilabu. Bibi hakuwahi kukaa kwenye kiti cha mbele cha taarabu yoyote, lakini nyimbo alizijua zote, na mwimbaji akikosea neno alimkanya redioni kana kwamba yuko chumbani.

Hapo ndipo betri ya mkwe ilipozima. Akabaki na kilo 25 na miguu yake. Kumpoza nikamwambia habari ya umeme wetu: unatoka Bara, unapita chini ya bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni, na unapopanda nchi kavu Unguja, unapandia Fumba. Kwa Siti. Akasema angeshukuru zaidi kama ungefika mpaka kwenye baskeli.

Tulikuwa tunaingia Kisimamajongoo tukasikia sanduku.

Asiyelijua atadhani ni ngoma nzito inayopigwa mbali. Ni kasha la mbao, lile la zamani la chai, limefudikizwa chini. Fimbo imesimamishwa juu yake, na kamba imefungwa kutoka ncha ya fimbo mpaka katikati ya kasha. Mpigaji hukanyaga kasha kwa mguu, mkono mmoja unaivuta fimbo kuikaza au kuilegeza kamba, mwingine unadonoa. Hilo ndilo besi la kidumbak, taarabu ya mitaani. Pembeni yake vidumbak viwili, ngoma ndogo ambazo kijana mmoja alikuwa ndiyo kwanza anazipasha kwenye moto wa makaratasi ngozi ikaze. Kuna mkwasa, vijiti vya kugonganisha, kuna cherewa, manyanga ya kutikisa, na kuna fidla moja tu ambayo mwenyewe ndiye mwimbaji. Kidumbak huchukua nyimbo za vilabu, huziunganisha moja baada ya nyingine bila kupumua, mwendo unazidi kupanda, na katikati mwimbaji hutia maneno yake kuhusu aliyepo. Okestra nzima ya Vuga imeingia kwenye kasha la chai.

Ilikuwa harusi. Nikabisha hodi kwenye uzio wa makuti, akatoka bi mkubwa mmoja na leso begani. Nikamweleza ni wageni wetu kutoka Tanga, wapenzi wa taarabu. Akatutazama, akazitazama na baskeli.

"Karibuni. Bibi apite ndani kwa wenzake. Nyinyi wanaume kaeni hapo na wapigaji. Na simu mifukoni, sitaki kuona watoto wangu mitandaoni."

Mkwe, aliyekuwa amepiga picha kila mlango wa Mji Mkongwe, akaitia simu mfukoni.

Mwalimu akapewa kigoda karibu na sanduku. Alikaa akiutazama mkono wa fimbo, ule wa kushoto, jinsi kamba inavyopanda na kushuka bila alama yoyote ya kumwonyesha mpigaji sauti iko wapi. Ni sikio tu. Nyimbo zilipofika kwenye ule mwendo wa mwisho, wanawake wamefanya duara, viuno vinajibu vidumbak, tukamwona binti yake katikati, baibui limefunguliwa, anacheza kwa kujua. Mwalimu akatazama upande mwingine kwa adabu, kisha akachomoa noti, akainuka, akampa bi mkubwa akamtunze mwimbaji kwa niaba ya Tanga. Mwenye fidla hakusimama. Akaitia Tanga kwenye beti iliyofuata, na watu wakapiga vigelegele.

Tajiri alipiga simu mara nyingi. Nilikuja kumpigia baada ya Magharibi, tukiwa tunarudi kwa njia ya Kikwajuni, mkwe anakokota, mwalimu anamweleza mara ya pili ubora wa Lucky Star na kuniuliza mazoezi ya Culture yanaanza saa ngapi hasa.

Tulizozana, mimi na tajiri. Alisema Ng'ambo kuna vumbi, na wageni wamelipia Mji Mkongwe. Mwishowe akakubali iingie kwenye njia siku za Jumamosi, kwa sharti la kubeba betri ya akiba. Freddie amebaki palepale, sina ugomvi naye. Mimi nikaongeza sharti la bi mkubwa la simu, nikaliweka juu kabisa kwenye karatasi. Kuna wageni wakilisoma hulifuta jina lao. Wanaobaki mimi huwapeleka Ng'ambo.