Chupa Mbili Chini ya Jiwe

Kabla sijafika kwenye kilomita thelathini na mbili nianze na jiwe, maana ndilo lililonila siku.

Jumamosi jioni nilipanda mpaka mgongoni mwa mlima kwa njia ya mkato, nimebeba chupa mbili za maji na kifuko cha tende. Kesho yake nilikuwa na mbio ndefu kuliko zote katika maandalizi yangu ya marathoni: kilomita 32 za kuzunguka, msituni, mlimani, bondeni, hadi nyumbani tena. Kwenye ratiba ya mkimbiaji hiyo ndiyo Jumapili inayoogopwa. Ukishaimaliza, zinabaki wiki tatu za kupunguza mazoezi kidogo kidogo mpaka siku yenyewe.

Maji ya kunitosha safari nzima nisingeweza kuyashika mkononi. Ipo mikoba ya mgongoni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini bei yake inanichefua. Kitambaa cha wavu, zipu mbili na mrija, basi unatajiwa fedha ya kununulia viatu! Na viatu vyenyewe vilishakula mshahara kiasi kwamba nyumbani nilitaja nusu ya bei, na hata hiyo nusu ikazua maneno. Kwa hiyo nikaamua kuficha maji njiani, kama mbwa anavyofukia mfupa.

Jiwe nililichagua vizuri. Lilikuwa kubwa kama kiti, lina ufa katikati, na limeinamia upande mmoja kama mtu anayetega sikio. Nikachimba kidogo chini yake, nikazilaza chupa, nikafunika kwa majani. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikalitazama kwa makini. Hili, nikajiambia, hata kwenye giza nitalijua.

Kilomita kumi na saba za kwanza sina la kusema. Nilitoka nyumba nzima imelala, nimejipaka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye chuchu (aliyewahi kukimbia saa tatu na fulana iliyolowa jasho hataniuliza kwa nini). Msitu ulikuwa wa baridi na miguu ilikuwa na raha zake. Saa ya mkononi ilinipa namba za ajabu, maana chini ya miti mikubwa mawimbi ya setilaiti hayaifikii sawasawa. Mara inasema nakimbia kama mwizi, mara inasema nimesimama. Huko porini kasi haina maana kubwa hata hivyo. Mtu anayemaliza kilomita moja ya barabara kwa dakika tano na nusu, kwenye mizizi na matope atashukuru akiipata kwa saba. Nilianguka mara moja, taratibu kabisa, kama mtu anayejilaza. Sikuumia.

Nilipotokea mgongoni mwa mlima, ukungu ulikuwa umelala juu ya kila kitu. Mawe yalikuwepo. Yalikuwepo mengi mno. Jana yake, naapa, palikuwa na jiwe moja tu. Sasa kila moja lilikuwa kubwa kama kiti na kila moja limetega sikio.

Nikaanza na la kwanza lenye ufa. Nikapiga magoti, nikapeleka mkono chini: udongo baridi, majani makavu, jongoo mmoja akajikunja. Chupa hakuna. Basi silo, nikasema, nikaenda kwenye lingine. Nalo lina ufa, lakini mdogo. La tatu halina ufa kabisa ila nililipapasa, kwani huwezi jua. La nne lilikuwa la siafu, na siafu hawakupenda.

Ilinichukua muda kuelewa kosa langu. Jana nilifika kutoka chini, kwa njia ya mkato. Leo nilikuwa nimekuja nikifuata mgongo wa mlima. Jiwe nilikuwa nimelikariri uso, na sasa nalijia kwa kisogoni, na kwa kisogo mawe yote ni ndugu. Nikajiona mwerevu sana kwa kuligundua hilo. Nikateremka njia ya mkato hatua kama mia moja, nikageuka, nikapanda tena pole pole nikijifanya ni Jumamosi jioni. Na kweli, likajitokeza: ufa, kiti, sikio. Lilikuwa lile lile la kwanza. Nikapeleka mkono. Jongoo akajikunja tena.

Sasa mtu mwenye akili zake angesema maji yameondoka. Mimi niliamini jiwe ndilo limekosea. Nikaendelea kutafuta kwa dakika nyingine kumi, nikiinua hata vijiwe ambavyo visingeweza kuficha kijiko. Kwa jumla nilipoteza dakika ishirini na tano, na saa yangu, mjakazi mwaminifu, ikahesabu kilomita moja na zaidi ya kuzungukazunguka na kuziingiza kwenye mazoezi.

Nikaketi juu ya jiwe hilo nikajifariji kwa masaibu ya wengine. Marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1904, St. Louis, Marekani, ilikimbiwa kwenye joto na vumbi la barabara, na maji yalipatikana mahali pachache mno. Walianza watu 32, wakamaliza 14. Mshindi, Thomas Hicks, alipoomba maji wasaidizi wake walimsuuza mdomo tu, kisha wakampa strikinini, sumu ya panya, iliyochanganywa na ute wa yai. Len Taunyane wa Afrika Kusini alifukuzwa na mbwa mpaka nje ya njia, na bado akamaliza wa tisa. Mimi nilikuwa na siafu tu. Nikainuka.

Ukungu ukaondoka mara moja, kama mtu kavuta shuka, na jua likashuka begani. Hapo ndipo mteremko unapoanza. Watu hudhani kupanda ndiko kugumu. Kupanda kunakula pumzi, ila kushuka ndiko kunakoharibu mapaja. Msuli unakaza huku unavutwa, nyuzi zake zinapata vijichaniko, na maumivu yanakomaa siku ya pili au ya tatu, ukishaanza kujisifu kwamba umepona. Na mimi nilikuwa nashuka na kinywa kikavu, ulimi umegandana na kaakaa. Sukari mwili unayoiweka akiba kwenye misuli na ini, kwa wengi wetu, hukaribia kukauka kwenye kilomita ya 30 hivi. Yangu sidhani kama ilifika huko. Kwenye ishirini na tano nilikuta nahesabu hatua kwa sauti, nafika sitini, nasahau, naanza upya.

Jambo la ajabu ni kwamba sikuwaza mito wala chemchemi. Niliwaza koki ya jikoni kwetu. Inavuja, nimeahidi miezi kuitengeneza, na usiku nyumba ikinyamaza unaisikia: to… to… to. Mke wangu amezoea kuweka sufuria chini yake, asubuhi anaikuta imejaa. Sufuria nzima! Nilikimbia kilomita moja nzima nikiitamani ile sufuria, hata ule mkwaruzo wa chini niliuona.

Halafu nikamkuta mzee. Alikuwa ameinama kando ya kijia, panga mkononi, anafyeka miiba iliyoingia njiani. Kiunoni, kwenye kamba, inaning'inia chupa tupu. Naijua chupa ile. Kifuniko chake cha bluu kina alama za meno ya mwanangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mbio na hakuna mvua?"

"Mazoezi, mzee. Samahani, hiyo chupa…"

Akaipiga kofi. "Umeona mambo? Watu wanakuja huku kupunga upepo, taka zao wanazisokomeza chini ya mawe wakidhani haonekani mtu. Mbili nimezitoa alfajiri hii, jiwe moja."

"Lenye ufa?"

"Lenye ufa."

Nikamwambia ni zangu. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, na kwenye viatu akakaa kidogo.

"Kumbe wewe ndiye uliyetupa."

"Sikutupa, mzee, nilificha."

"Tofauti yake nini?"

"Nilikuwa nitarudi kuzichukua."

"Wote husema hivyo."

Nilitaka kubishana lakini ulimi haukubanduka. Nikauliza tu kama zilikuwa na maji.

"Moja nimekunywa," akasema bila aibu yoyote. "Ila maji yako yameharibika. Yana chumvi."

"Niliitia mwenyewe, na sukari."

"Ahaa. Nami nikasema, yameharibika lakini matamu."

"Na tende?"

Akaanza kuchunguza makali ya panga. "Tende gani?" Alipogeuka nikaona shavu lake moja limetuna.

Chupa ya pili alikuwa nayo kwenye kikapu, haijafunguliwa. Akanipa, akanikalisha kivulini, akanisimamia kama mganga: "Kidogo kidogo. Usipige mkupuo." Alikuwa sahihi, na kwa sababu alikuwa sahihi nilizidi kumkasirikia. Akaniuliza marathoni ni kilomita ngapi.

"Arobaini na mbili na mita mia moja tisini na tano."

"Hizo mita za nini?"

Nikamweleza. Ile ya kwanza ya Olimpiki, Athens mwaka 1896, ilikuwa kama kilomita 40. Mwaka 1908 London wakaanzia kasri la Windsor na kumalizia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, ikafika huo urefu, na mwaka 1921 ukawekwa kuwa kanuni.

"Yaani mliongezewa njia ili mfalme aone vizuri."

"Ndiyo, mzee."

"Na mpaka leo mnaikimbia."

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa. Kwa kujitetea nikamwambia kwamba aliyeshinda ile ya Athens, Spyridon Louis, kazi yake ilikuwa kubeba maji ya kuuza.

"Huyo alikuwa na akili," akasema mzee. "Alibeba."

Nilipoinuka nikamshukuru, na nilimaanisha, ingawa kumshukuru mtu kwa maji yako mwenyewe kuna uchungu wake. Nikaomba ile chupa ya kifuniko cha bluu. Akakataa. Ameifuata mlimani, akasema, ameibeba, ni yake. Nikitaka nirudi Jumapili ijayo nikamsaidie kufyeka. Nikamwachia. Kilomita saba zilizobaki zilipita zilivyopita. Saa ilisoma 33 na nusu niliposimama mlangoni, na nilipoinama kufungua kamba za viatu paja la kulia likanikamata, ikabidi niketi kizingitini mpaka liniachie.

Ndani palikuwa kimya. To… to… to. Sufuria ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Nikaishika kwa mikono miwili nikanywa nimesimama, maji yakinitiririkia kifuani, kisha nikairudisha chini ya koki.

"Uliahidi kuitengeneza hiyo," mke wangu akasema nyuma yangu.

"Nitaitengeneza."

Mwanangu akaja na macho ya usingizi, akakagua chupa moja niliyokuja nayo, akaigeuza, akaangalia kifuniko.

"Na ile yangu?"