Bati lilikuwa linaniulia kuku

Oktoba, hapa Nkuhungu, Dodoma, kuku wangu walianza kuhema midomo wazi kila ikifika saa saba mchana, mabawa wameyaachia. Watatu walikufa wiki moja. Niliogopa ni mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, ila jioni waliobaki walichangamka na kula vizuri.

Kumbe ni joto la banda. Kuku hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema, na mimi nilikuwa nimewazibia matofali pande zote. Nikabomoa ukuta wa kaskazini na wa kusini kuanzia usawa wa goti, nikaweka wavu. Mashariki na magharibi niliacha, maana ndiko jua linakopiga. Juu ya bati nikatandika nyasi kavu, nene, nikazifunga kwa kamba kwelikweli, kwani upepo wa Dodoma haubembelezi.

Maji nikahamishia kwenye vyungu chini ya mwarobaini, nayabadilisha saa nne na saa nane. Chakula ni alfajiri na jioni tu: tumbo likisaga, mwili huzidi kupata joto.

Tangu hapo hajafa hata mmoja. Matetea yamerudi kutaga.