Kwako kuna msamaha, ili uogopwe

Moshi, Jumamosi usiku

Leo darasa la kipaimara lilikuwa kwenye Amri Kumi, pamoja na maelezo ya Martin Luther, mwanzilishi wa kanisa la Kilutheri, katika Katekisimo Ndogo, kitabu chake cha mafundisho ya msingi cha mwaka 1529. Kila amri pale hufafanuliwa kwa kuanza na wajibu uleule: kumcha Mungu na kumpenda. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama Yesu ameshatusamehe, Mungu tumwogope kwa nini tena?"

Darasa lote likatulia. Nadhani wengi walikuwa nalo swali hilo moyoni.

Nawaelewa. Wakipita stendi wanakuta wahubiri wenye vipaza sauti wakiwatisha kwa jehanamu. Wakishika simu wanasikia kwamba Mungu ni mshikaji tu, hana neno na mtu. Mahubiri hayo yote mawili yananiumiza. Ya kwanza yanamkimbiza mwenye dhambi asimsogelee Mungu, na hayo mengine yanamwacha palepale alipo.

Tukafungua Zaburi 130, mojawapo ya nyimbo za kupanda mlima, nikamwambia asome yeye: "Bwana, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama? Lakini kwako kuna msamaha, Ili Wewe uogopwe." Akaurudia mstari wa nne polepole. Mtunzi wa zaburi hakusema Mungu aogopwe kwa sababu ana adhabu. Amesema kwa sababu ana msamaha!

Nikawasimulia habari ya ndugu wawili wa ukoo wetu kule juu. Mdogo aliuza kwa siri kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yao. Mkubwa angeweza kumshtaki, na angeshinda. Badala yake alikikomboa kwa fedha yake mwenyewe, akamsamehe mbele ya wazee. Mpaka leo hakuna anayemheshimu yule kaka kama mdogo wake. Hamkwepi, kila akipanda kutoka mjini huanzia kwake. Lakini hakati hata mgomba bila kumwuliza, na si kwa hofu ya kushtakiwa.

Petro naye, katika Luka 5, hakukemewa. Alijaziwa samaki mpaka nyavu zikaanza kukatika, na hapo ndipo alipoanguka magotini pa Yesu akisema yeye ni mwenye dhambi. Wema ndio uliomwangusha. Na sisi tumetendewa makubwa kuliko samaki, maana msamaha wetu umelipiwa msalabani. Nikikumbuka hilo wakati wa ungamo la dhambi, kabla hatujaimba "Bwana utuhurumie", natetemeka kweli, na bado sitamani kuwa mahali pengine popote.

Tulipokuwa tunafunga vitabu binti akauliza tena: je, Mungu hachoki kusamehe? Muda ulikuwa umekwisha. Jumamosi ijayo tutaanzia mstari wa saba, kwamba kwake kuna ukombozi mwingi, na nimemwomba ausome yeye.