Miaka miwili ya kuikwepa hofu

Shambulio la kwanza lilinikuta ndani ya lifti, nikiwa sina wazo lolote baya kichwani. Ghafla moyo ulianza kwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, na mikono yangu nikaiona kana kwamba ni ya mtu mwingine. Niliamini kabisa kwamba nakufa. Baada ya kama dakika 10 hali ilitulia, lakini nilikwenda hospitali, ambako kipimo cha umeme wa moyo na vipimo vya damu havikuonyesha kasoro yoyote. Niliambiwa nikapumzike. Hakuna aliyenitajia shambulio la hofu, na kwa kutojua kilichonipata nikajitungia tiba yangu mwenyewe, nayo ilikuwa kukwepa.

Niliacha lifti, nikawa napanda ngazi. Kisha ngazi nazo zikaanza kunitisha, kwa sababu zilifanya moyo udunde vilevile. Zikafuata kahawa, mabasi yaliyojaa, foleni na mikutano. Kila nilipokwepa nilipata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyonifunga, kwa kuwa mwili haukupata nafasi ya kujifunza kwamba hofu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Ilipotimia miaka miwili sikuweza tena kutoka nje bila kusindikizwa, sonona ilikuwa imeniingia, na nilikuwa nikinywa pombe kila jioni ili nipate usingizi. Hili la pombe nalitaja kwa makusudi, maana wengi hulificha: huutuliza wasiwasi kwa saa chache, kisha asubuhi wasiwasi huamka ukiwa mkali zaidi.

Mwanasaikolojia aliyenipokea hatimaye alinieleza kwamba mwili hutoa adrenalini, homoni ya kujihami, kana kwamba kuna hatari, mtu akahema harakaharaka kupita mahitaji yake, kabonidioksidi ikapungua katika damu, na upungufu huo ukaleta kizunguzungu na ile ganzi ya vidole. Nililia nilipolisikia hilo, kwani kwa miaka miwili nilikuwa nimeidhania ganzi hiyo kuwa dalili ya kiharusi.

Tiba yenyewe haikuwa ya maneno matupu. Alinipa mrija mwembamba, akanitaka nibane pua na kupumua kupitia mrija huo kwa dakika moja, ili hisia ninazoziogopa zije nikiwa nimeketi mbele yake. Mara ya kwanza niliutupa mrija baada ya sekunde chache. "Usipigane na hofu," aliniambia, "iache ije, halafu uitazame inavyoondoka." Daktari naye aliniandikia dawa ya kila siku, ambayo ilichukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti, nashukuru kwamba nilionywa mapema, la sivyo ningeiacha.

Mwezi wa nne wa tiba nilirudi kwenye lifti ileile. Ghorofa ya tatu moyo ulianza kudunda, nami sikubonyeza kitufe cha kushuka. Nilifika ghorofa ya saba nikitetemeka, milango ikafunguka, nikabaki humo humo ndani hadi ilipofungwa tena, nikashuka nayo mpaka chini.