Tulivyoigiza Antigone kwa waigizaji watatu

Klabu ya maigizo shuleni kwetu ilikuwa na vijana wengi wa kuimba, lakini wa kukariri mistari mirefu walikuwa watatu tu. Antigone, tanzia ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, kuhusu msichana anayemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme Creon, ina wahusika wanane wanaozungumza, wasaidizi kando. Walimu wenzangu wakanishauri nitafute mchezo mwingine. Mimi nikaona huu ndio unaotufaa: huko Athens, katika karne ya 5 KK, waigizaji watatu walitosha, wote wanaume, wakibadilisha vinyago. Inasemekana Thespis alianza peke yake, akijibizana na korasi, yaani kundi la waimbaji. Aeschylus, mtunzi mwingine wa tanzia, akaongeza mwigizaji wa pili, Sophocles wa tatu.

Nikachukua daftari nikafuatilia nani anaingia na nani anatoka. Creon akapata kijana wake, maana mfalme huyo ni nadra kubanduka jukwaani. Wa pili akawa Antigone, kisha Tiresias, mtabiri kipofu, kisha malkia Eurydice. Aliyetoka jasho ni wa tatu: Ismene, dada yake Antigone; mlinzi; Haemon, mwana wa Creon; na mjumbe. Mlinzi anamleta Antigone, anaondoka, na muda si mrefu Ismene anaingia. Katikati hapo Antigone anamtajia Creon sheria za miungu zisizoandikwa, na Creon anamjibu kwa kirefu. Hotuba ile ni nzito, nayo pia inampa mtu nafasi ya kuvaa kinyago kingine. Sophocles alijua shida za nyuma ya jukwaa!

Vinyago tulivitengeneza kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano. Viliziba sauti, tukavipanua midomo.

Korasi ya wazee wa Thebes, mji wa Creon, haikunisumbua. Tuliweka watu 15, kama Sophocles, wakazunguka wakiimba: ubeti mmoja kulia, ubeti wa kuujibu kushoto.

Ubishi ulizuka kwenye vifo. Vijana walitaka Antigone aonekane akijinyonga. Nikakataa. Katika mchezo wenyewe Antigone, Haemon na Eurydice wote wanafia mbali na macho ya watazamaji, na habari inaletwa kwa masimulizi. Tunachoonyeshwa ni Creon akirudi na maiti ya mwanawe, kisha anaambiwa mkewe naye amejiua.

Baada ya onyesho wazazi waligawanyika. Wengi walisema mchezo ni wa Antigone, aliyemzika kaka yake kinyume cha amri. Mzee mmoja akashikilia kuwa ni wa Creon: Antigone alijua tangu mwanzo kwamba atakufa, ila Creon hakutegemea kupoteza mtu. Mimi niko upande wa mzee.